Je, Wajua? Vichekesho vya Runinga Vilivyopungua na Maisha Halisi Yaliyotawala Skrini

Vichekesho vilikuwa na saa yake. Kabla simu haijawa runinga ya mfukoni, watu wa Sengerema mjini walijua ni jioni ipi ya wiki wakusanyike sebuleni kwa jirani mwenye seti. Kwenye mialo ya Buchosa, Kome na Maisome, kibanda umiza chenye jenereta kilikuwa ukumbi wa kijiji kizima. Babu, mama na mtoto walicheka pamoja, kwa kitu kimoja.

Saa hiyo imefifia. Ukizungusha chaneli leo unakutana na vijana wanaoimba mbele ya majaji, wachumba wanaochaguana hadharani, na watu maarufu wanaofungua milango ya nyumba zao. Mabadiliko haya yamepitia Zanzibar, Nairobi, Uholanzi, Johannesburg na Mwanza yenyewe. Haya hapa mambo ambayo mtazamaji wa Kanda ya Ziwa anastahili kuyajua.

Je, wajua kwamba Bara iliisubiri runinga zaidi ya miaka 20 baada ya Zanzibar?

Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ikiwa ya rangi, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado kwenye picha nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara runinga ilionekana ni anasa kwa taifa maskini, na vituo vya kwanza, kikiwemo ITV cha Reginald Mengi, vilianza mwaka 1994. Kenya ilikuwa nayo tangu 1962. Kwa hiyo, siku ITV inawasha mitambo, waandishi na waigizaji wa Nairobi walikuwa wameshakaa kazini miaka 30 na zaidi wakijifunza jinsi ya kumchekesha mtu aliyekaa sebuleni kwake.

Je, wajua kwamba mchezo wa redio wa Tanzania ulipimwa kisayansi?

Bara haikuwa imelala. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa wasikilizaji Pwagu na Pwaguzi, watu wawili waliochekesha nchi nzima bila hata picha moja. Kisha mwaka 1993 ukaja Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo uliomfuata Mkwaju, dereva wa malori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu aliyebaki na watoto. Lengo lilikuwa uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI.

Watafiti walipanga eneo la Dodoma lisipokee matangazo ya mchezo huo hadi 1995, ili walilinganishe na maeneo yaliyousikiliza. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi pale mchezo uliposikika, na Dodoma nayo ilipofunguliwa, ikafuata. Tanzania ikawa mahali ambapo dunia ilithibitisha kwamba watu waliotungwa kwenye karatasi wanaweza kubadili uamuzi wa watu wa kweli majumbani mwao.

Je, wajua kwamba Mzee Ojwang' hakuwa Mjaluo?

Kwa miongo zaidi ya mitatu, Benson Wanjau aliigiza kama Mzee Ojwang' kwenye televisheni ya taifa ya Kenya, hasa katika Vitimbi, akizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Wajaluo wa ng'ambo ya pili ya ziwa letu. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere, aliyeigiza kama mkewe Mama Kayai, naye alikuwa Mluhya. Lafudhi ilitoka kinywani mwao kwa ufundi mkubwa, na Wajaluo wenyewe wakampokea Ojwang' kama mzee wao.

Alifariki Julai 2015, na nchi nzima ikamwomboleza. Mtu huyo hakupendwa kwa kushinda shindano lolote. Alipendwa kwa sababu alikuja kila wiki akiwa yule yule: mwenye hasira za karibu, ujanja mdogo na moyo mkubwa. Hiyo ndiyo nguvu ya vichekesho vya mfululizo. Unamzoea mtu hadi anakuwa wa ukoo wako.

Je, wajua kwamba kichekesho kizima kinaweza kujengwa juu ya uongo mmoja?

Papa Shirandula kilianza kurushwa na Citizen TV mwaka 2007. Chanzo chake ni chepesi: mlinzi wa getini anamficha mkewe, Wilbroda, kazi anayofanya, na kumwachia aamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisini. Kutokana na uongo huo mmoja waandishi walitoa visa kwa zaidi ya miaka kumi, kwa kuwa kila mgeni, kila simu na kila sare iliyosahauliwa kitini ingeweza kufichua siri. Charles Bukeko, aliyekuwa Papa mwenyewe, alifariki Julai 2020 kwa UVIKO-19, na kipindi hakikuendelea bila yeye.

Je, wajua kwamba Mwanza ilikuwa na kichekesho chake?

Dar es Salaam ilikuwa na Mizengwe ya ITV. Ilikuwa pia na kundi la Joti, Masanja, Mpoki, McRegan, Wakuvanga na Vengu, lililojulikana kupitia Ze Comedy ya EATV kabla ya kuhamia TBC1 mwaka 2008 na kuitwa Orijino Komedi. Kazi yao ilikuwa ya vipande vifupi zaidi kuliko kisa kirefu cha familia moja, lakini ilifanya nchi nzima isimame kila wiki.

Nasi wa huku tulikuwa na Futuhi. Kilitengenezwa Mwanza na kurushwa na Star TV, kituo cha kampuni ya Sahara ambayo pia ina Radio Free Africa, na ambacho kimekaa upande wa pili wa ghuba ukitazama kutoka Sengerema. Umuhimu wake hauishii kwenye kucheka. Kilionyesha kwamba kichekesho cha kitaifa kinaweza kuandikwa, kuchezwa na kurekodiwa Kanda ya Ziwa bila kusubiri ruhusa ya Dar es Salaam. Somo hilo bado lina thamani yake yote.

Je, wajua kwa nini vichekesho ni ghali kuliko vinavyoonekana?

Kichekesho cha nusu saa kinaonekana chepesi: sebule, kochi, mlango, watu wanne. Nyuma yake kuna waandishi wanaolala na skripti, mazoezi, mapambo ya jukwaa, na waigizaji wanaopaswa kulipwa mwezi baada ya mwezi ili wasiondoke. Nchini Marekani, I Love Lucy kilichoanza mwaka 1951 ndicho kilichoimarisha mtindo wa kutumia kamera tatu za filamu mbele ya hadhira iliyo ukumbini. Ubora wa filamu hizo uliwezesha kipindi kurudiwa miaka mingi baadaye, na marudio hayo ndiyo yaliyokuja kulipa gharama.

Gharama zenyewe zikapanda. Katika misimu ya mwisho ya Friends, kilichokwisha mwaka 2004, kila mmoja wa waigizaji wakuu sita alilipwa dola milioni moja kwa kipindi kimoja. Hakuna kituo cha Afrika Mashariki kilicholipa hata sehemu ndogo ya hapo, lakini kanuni ni ile ile: vicheko vilivyoandikwa vinahitaji watu wanaolipwa ili wakae wafikiri. Kwetu, waliokosa malipo ya kudumu walikwenda kwingine. Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, pamoja na Ray na Johari, walijulikana kupitia kundi la Kaole lililokuwa likionekana ITV. Soko la filamu za kanda na DVD lilipochangamka, wakaenda huko, na michezo ya runinga ikabaki na pengo.

Je, wajua kwamba mgomo wa waandishi ulivipa nguvu vipindi vya uhalisia?

Mbegu ilipandwa Ulaya. Mwaka 1997 Sweden ilirusha Expedition Robinson, shindano la watu walioachwa kisiwani. Mwaka 1999 Uholanzi ikaanzisha Big Brother, nyumba yenye kamera kila pembe. Marekani ikalinunua wazo la kisiwani na kuliita Survivor. Fainali yake ya kwanza, Agosti 2000, ilitazamwa na watu wapatao milioni 51. Miaka miwili kabla, fainali ya kichekesho cha Seinfeld ilikuwa imevuta takriban milioni 76. Friends kilipoaga mwaka 2004, kilivuta kama milioni 52. Mizani ilikuwa inasogea.

Kisha, kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, waandishi wa Hollywood waligoma kwa siku takriban 100. Vichekesho vikasimama kwa kukosa skripti. Vipindi vya mashindano na maisha ya watu havikuhitaji mikataba ya aina hiyo, vikajaza ratiba, na vingi havikuondoka tena. Mgomo huo uliwaonyesha wamiliki wa vituo kwamba wanaweza kuuza matangazo ya biashara jioni nzima bila kumlipa mtunzi wa kisa. Kuanzia hapo, kila mtunzi amekuwa akidai nafasi ambayo zamani alipewa bila kuomba.

Je, wajua kwamba Wasukuma walipiga kura kwa miguu kabla ya kura za simu?

Usidhani watu wa Mwanza walifundishwa na runinga kuwa majaji. Ngoma za Kisukuma zina pande mbili za jadi, Wagika na Wagalu, zinazokumbukwa kwa majina ya Ngika na Gumha, mahasimu wa karne ya 19. Baada ya mavuno, makundi mawili huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru: ukiona upande wa pili umenoga zaidi, unahama. Mwishoni kundi lililozungukwa na umati mkubwa ndilo mshindi.

Ndiyo maana viongozi wa ngoma walibuni vituko vipya kila msimu, na kutafuta dawa ya kuvuta watu. Sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, imeuhifadhi utamaduni huu. Kwa hiyo mashindano ya kupigiwa kura yalipoingia sebuleni, mtu wa Sengerema aliijua kanuni yake tangu uwanjani.

Je, wajua kwamba Tanzania ilitwaa Big Brother Africa mara mbili?

Big Brother Africa ilianza mwaka 2003, ikiwaweka pamoja vijana wa nchi mbalimbali kwenye nyumba moja Afrika Kusini. Mtanzania Mwisho Mwampamba alikuwemo, na jina lake likajulikana bara zima. Si wote walioifurahia: mwaka huo huo Bunge la Malawi lilipiga kura kuzuia isionyeshwe kwenye televisheni ya nchi hiyo, kwa hoja za maadili.

Mwaka 2007 Richard Bezuidenhout wa Tanzania alishinda na kuondoka na dola 100,000. Mwaka 2014, katika msimu wa tisa na wa mwisho, Idris Sultan akashinda dola 300,000. Baada ya hapo Idris akajijenga kama mchekeshaji na mwigizaji. Nyumba ya kamera ilimpa jina, lakini alipotaka kudumu mbele ya watu alikimbilia kwenye kazi ile ile ya akina Majuto na Mzee Small: kuchekesha.

Je, wajua kwamba usaili wa Bongo Star Search uliipa Mwanza jukwaa?

Bongo Star Search ya Rita Paulsen, Madam Rita kwa watazamaji, ilianza katikati ya miaka ya 2000 na kufanya usaili mikoani, Mwanza ikiwemo. Walter Chilambo aliyeshinda mwaka 2012 na Kayumba wa mwaka 2015 ni baadhi ya majina yaliyotokea humo. Vijana waliimba bila ala mbele ya majaji wakali, na vituko vya walioshindwa vikawa burudani sawa na sauti za walioweza.

Hapo tuwe waangalifu. Mchekeshaji anayeanguka jukwaani amelipwa na amejiandaa kuanguka. Kijana wa miaka 19 anayechekwa na nchi nzima kwa sababu sauti imemkwama hakuja kuchekwa. Alikuja kutafuta maisha. Kicheko cha namna ile kinamgharimu yeye, na mtazamaji mwenye utu anapaswa kuitambua tofauti hiyo.

Je, wajua kwamba wakulima wanawake walikuwa nyota wa uhalisia?

Maisha Plus ya Masoud Kipanya, mchora katuni na mtangazaji, ilianza mwaka 2009. Badala ya jumba lenye bwawa la kuogelea, vijana walipelekwa kijijini: kuchota maji, kulima, kupika kwa kuni, kuishi kwa kusaidiana. Mwaka 2011 shirika la Oxfam lilianzisha shindano la Mama Shujaa wa Chakula, na kuanzia 2012 wanawake wazalishaji wa chakula wakaingia katika kijiji hicho mbele ya kamera.

Mama anayejua kuhifadhi mbegu, kudai ardhi yake na kulisha watoto wake msimu wa ukame akawa mtu wa kupigiwa kura na kushangiliwa. Katika wilaya kama Sengerema, ambako jembe na nyavu ndivyo vinavyolipia mahitaji ya shule, heshima hiyo haikuwa ndogo. Hapa kipindi cha uhalisia kilifanya jambo ambalo vichekesho vyetu vingi havikulifanya: kumweka mwanamke wa kijijini katikati ya skrini bila kumfanya mshamba wa kuchekwa.

Je, wajua kwamba kampuni moja iliandika tamthilia kisha ikageukia uhalisia?

Mediae ya Kenya ilitengeneza Makutano Junction, tamthilia ya kijiji iliyobeba mafunzo ya afya na kilimo ndani ya kisa. Mwaka 2012 ikazindua Shamba Shape Up, ambamo wataalamu hufika kwenye shamba la familia halisi na kulitengeneza kwa siku chache: banda la kuku, lishe ya ng'ombe, ugonjwa wa mahindi. Kipindi hicho kimeonekana Tanzania pia. Mkulima anayeona jirani wa kweli akivuna haambiwi aamini mwigizaji. Kwa elimu ya namna hiyo, uhalisia ulishinda kwa haki.

Je, wajua kwamba Nairobi iliiga kipindi kabla ya kukipokea chenyewe?

Mwaka 2014 Kenya ilianza kuonyesha The Real Househelps of Kawangware, kichekesho kilichotungwa kuhusu wasaidizi wa nyumbani, kikiiga jina la vipindi vya Marekani vya wake wa matajiri. Toleo la kweli la vipindi hivyo, The Real Housewives of Nairobi, lilifika mwaka 2023 kupitia Showmax. Mwaka mmoja kabla, Netflix ilitoa Young, Famous & African, chenye Zari Hassan wa Uganda na Diamond Platnumz wa Tanzania.

Njugush, mmoja wa waliopata jina kupitia kichekesho cha Kawangware, alihamia kwenye maonyesho ya jukwaani na video za mtandaoni. Njia hiyo wameifuata wengi. Tanzania nayo ina jukwaa la Cheka Tu, na vijana wanaorekodi visa vya dakika mbili kwa simu. Vipaji vipo tele. Kilichokosekana ni meza ya kuwaweka pamoja mwaka mzima waandike kisa kirefu.

Je, wajua kwamba king'amuzi nacho kilibadili kicheko?

Usiku wa Desemba 31, 2012, Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia, ya kwanza Afrika Mashariki, na Mwanza ikafuata mwanzoni mwa 2013. Antena ya juu ya mlingoti ikawa chuma tu kwa asiyekuwa na king'amuzi. Kwa familia nyingi za vijijini, gharama hiyo ilikuwa na maana ya kurudi redioni kwa muda. Azam TV ikaanza mwishoni mwa 2013, Maisha Magic Bongo ikaja 2015, na fedha za utunzi zikaelekea kwenye chaneli za kulipia na tamthilia ndefu za mapenzi na mali, kama Huba na Jua Kali.

Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizuia ving'amuzi vya kulipia kama Azam na DStv visibebe chaneli za ndani zisizolipiwa, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. Aliyetaka kila kitu ilimpasa awe na ving'amuzi viwili. Kicheko cha nyumba nzima kikagawanyika kwa vifurushi.

Je, wajua Sengerema ina nini cha kuanzia?

Sengerema ina redio ya jamii, iliyokua kutokana na telesenta iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kuwapa wananchi kompyuta na mawasiliano. Ina Wasukuma, Wazinza na Wakerewe wanaotaniana kila siku kwa ufundi ambao hakuna shule inayoufundisha. Ina shule za sekondari zenye vijana wanaoweza kuandika. Na tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita tatu hivi. Waigizaji na wapiga picha kutoka Mwanza hawasubiri tena kivuko.

Vipindi vya uhalisia vitaendelea, na vilivyo bora vinastahili nafasi yake. Vinaweza kumwonyesha mvuvi wa Kome akivuta nyavu alfajiri, kumpa zawadi na kumsahau msimu ukiisha. Lakini kumfanya mvuvi huyo awe mtu ambaye taifa linamngoja kila wiki kwa miaka 30, kama Kenya ilivyomngoja Ojwang', kunahitaji mwandishi anayemjua, mwigizaji anayelipwa na kituo chenye subira. Redio ni mahali nafuu pa kuanzia: maikrofoni moja, sauti nne, kisa cha robo saa kila Jumamosi. Pwagu na Pwaguzi hawakuwa na zaidi ya hapo. Halmashauri, vyuo na vituo vya utangazaji vya Kanda ya Ziwa vikitenga fungu dogo kwa waandishi wa vichekesho, kijana wa Sengerema atakuwa na njia ya pili ya kuingia kwenye runinga, ambayo haimtaki aaibike kwanza ndipo aonekane.